Korosho Chini ya Bibo

Bwana afya alifika gulioni Marui akamkuta Mwanahalima amemwaga miwani kuukuu juu ya mkeka, na wazee wamejipanga kuijaribu.

"Shikamoo, mama. Cheti cha daktari kiko wapi? Nani amewapima macho hawa?"

"Marahaba." Mwanahalima alionyesha ng'ambo ya uwanja. "Mkorosho ule ndio unaopima. Mtu akiiona korosho inavyoning'inia chini ya bibo, miwani hiyo ni yake."

"Utapofusha watu! Sheria inataka daktari. Yote naichukua, na utajibu mahakamani."

Kijiji cha ujamaa tulikuwa nacho, lakini daktari wa macho alikuwa Dar es Salaam.

Bwana afya akaokota miwani yenye vioo vizito, akaivaa ili atuonyeshe jinsi inavyoharibu macho. "Tazameni! Mtu akivaa hii ataona..."

Mkono wake ulibaki hewani.

Aliutazama mkorosho. Mabibo yalikuwa yameiva, mekundu, upepo unayatikisa.

"Majani," alinong'ona. "Nyie huwa mnayaona moja moja? Siku zote?"

"Kwani wewe ulikuwa unayaonaje, mwanangu?" Mwanahalima aliuliza.

Bwana afya akatugeukia, akapitisha macho usoni mwa kila mmoja wetu, polepole, kama watu ambao mpaka siku ile alikuwa akiwasikia sauti tu.

Mwanahalima akakusanya miwani yote kapuni, akamsogezea. Kisha akakinga kiganja.

"Na hiyo ya machoni mwako, bwana afya. Au hiyo haihitaji cheti?"