Picha kwa Picha

Sheria ilikuwa nyepesi: ukimpiga ndege picha, naye ana haki ya kukupiga wewe, kwa kamera ndogo, jicho la kioo alilovishwa shingoni. Ndiyo maana Bi Mwanaisha, asubuhi ya kwenda ufuoni na kamera yake, alijipaka wanja na kujitanda leso mpya kama aliyealikwa harusini. Mumewe, Athumani, alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Kutwa nzima Bi Mwanaisha aliwapiga picha ndege wa pwani, membe, yangeyange na heroe, huku akiwageuzia shavu lake zuri, la kulia.

Jioni, yeye na mumewe wakiwa nyumbani mkekani wanakula wali kwa samaki kwenye sinia moja, picha walizopiga ndege zikaanza kuingia kwenye simu yake.

"Heroe kanikondesha," alisema kwa furaha. "Huyu membe kapiga kisogo tu, hana adabu."

"Na hii?" aliuliza Athumani.

Walikuwemo wote wawili, mkekani, na sinia hilo hilo, wameonekana kutokea dirishani.

"Ndege huyu ulimpiga saa ngapi?"

"Sikumpiga, mume wangu. Kaanza yeye."

Athumani akaacha kutafuna. Hakuna aliyethubutu kutazama dirishani. Kisha Bi Mwanaisha akaiweka leso yake sawa, akamfuta mumewe punje ya wali kidevuni, na wote wawili wakatabasamu.