X Iliyonyooka

"Wivu," alisema fundi rangi akiwa juu ya ngazi, "ni maradhi ya watu wasio na kazi. Mimi nina kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kupaka nyumba ya shemeji yake. Ya tatu mwaka huo.

Shemeji, mdogo wa mkewe, alikuwa kijana wa viatu vilivyochongoka na simu mbili. Alinunua nyumba zilizojifia: bati limeoza, milango inaning'inia, mwenyewe kashindwa mkopo na benki inanadi. Bei za nyumba mwaka ule zilikuwa kama homa, asubuhi imepanda, jioni imeshuka, na watu wenye akili zao walikaa mbali. Kijana hakukaa mbali. Alinunua, akakarabati, akauza, akacheka.

Fundi rangi alilipwa siku zake, akarudi kwenye vyumba viwili vya kupanga ambavyo kuta zake zilikuwa zinabanduka, naye hana hamu hata ya kuzitazama.

"Shemeji, mkono wako una baraka," kijana alipenda kumwambia. "Nyumba ukiigusa tu, haimalizi wiki sokoni."

"Tunashukuru Mungu," alijibu fundi, akasugua ukuta kana kwamba anamsugua mtu uso.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe aliuza vitambaa sokoni, na alikuwa na kikundi cha kuweka akiba ambacho fundi alikiita chama cha umbea. Mama huyo alimsifu mdogo wake kuanzia chai ya asubuhi mpaka taa inazimwa.

"Mdogo wangu ana jicho. Na ile nyumba yake ya kwanza, baba watoto, mimi ndiye niliyekuonyesha wewe kwanza. Ukacheka."

"Ilikuwa inachekesha. Haikuwa na paa."

"Sasa ina ghorofa."

Nyumba ya nne ilikuwa kando ya barabara kuu. Kijana aliweka humo kila alichokuwa nacho, na mkopo juu. Mnunuzi alikuwa aje Jumamosi.

"Hii ikikwama, shemeji, mimi nimekwisha," alisema, bado anacheka.

Fundi alilibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyeokota pochi njiani.

Siku zile watu wa barabara walikuwa wakipita mitaani kuchora X nyekundu kwenye nyumba zitakazobomolewa. Nyumba yenye X haikununuliwa hata na kichaa.

Alhamisi, saa saba mchana, jua limewafungia watu ndani, fundi rangi alisimama mbele ya nyumba ya nne na kopo dogo la rangi nyekundu. Hakujificha. Nani atamuuliza mtu mwenye ovaroli na brashi anafanya nini ukutani?

Tatizo ni kwamba alikuwa fundi kweli. X za watu wa barabara zilipinda na kuchuruzika, kama zimechorwa na mtu anayekimbizwa na mbwa. Yake aliipima kwa rula. Akabandika utepe wa karatasi pembeni ili kingo zinyooke. Akapaka, akasubiri ikauke, akarudia mara ya pili. Kisha akarudi nyuma hatua tano kuitazama, na kwa kweli mwaka mzima hakuwa amefanya kazi nzuri kama ile.

Jioni mkewe alimtazama vidole.

"Leo ulikuwa unapaka rangi gani?"

"Nyeupe."

"Aa." Akamwongezea mchuzi.

Jumamosi mnunuzi hakuzima hata gari. Kijana akakimbilia ofisi ya barabara, akaambiwa faili lipo, ila mwenye faili yuko likizo. Benki haikuwa likizo. Ndani ya siku kumi aliuza simu moja, kisha gari, kisha, kupitia kwa dalali, nyumba yenyewe kwa bei ya kutupa. Akaja kwa dada yake, akakaa kwenye kochi, akalia.

"Pole, shemeji. Ndiyo biashara," alisema fundi, na siku hiyo akalala usingizi wa pono.

Alipoamka, akaanza kuungua. Ni nani huyo aliyenunua nyumba yenye X? Wazo ni lake yeye fundi, jasho lake, rangi kanunua mwenyewe, halafu mtu baki anakuja kujizolea nyumba nzima! Kumwonea shemeji kijicho kumbe ulikuwa mchezo tu. Huyu mpya alimkosesha hata hamu ya chai.

Jumatatu dalali akapiga simu. "Fundi, mwenye nyumba mpya anakutaka. Wewe na si mwingine. Unaanza kwa kufuta ile X."

"Ni nani?"

"Nimekatazwa kusema. Lakini anajua kushusha bei, fundi! Kila nikifungua mdomo, ananiuliza, 'Na X je?'"

Akaenda na ndoo yake, roho inachemka. Mlango ulikuwa wazi. Sebuleni, juu ya kreti iliyogeuzwa, funguo zimejaa mapajani, alikuwa amekaa mkewe.

Ndoo ilimtoka mkononi.

"Wewe? Ulijuaje kama haibomolewi?"

"Alhamisi ile nilimpelekea kitambaa fundi cherehani wa hapo ng'ambo. Dirisha lake linatazama huku. Na pesa nimekopa kwenye hicho unachokiita chama cha umbea." Alisimama, akajikung'uta gauni. "Ulikuwa unapiga mluzi, baba watoto. Miaka kumi na miwili ya ndoa, sijawahi kukusikia ukipiga mluzi."

Fundi akainama kuokota ndoo.

"Haya, futa upesi," mkewe akasema, akichungulia barabarani. "Saa tisa mdogo wangu anakuja kuomba chumba cha kupanga. Hajui mwenye nyumba ni nani, na mimi nataka nimwone uso."