Pua ya Mpika Udi

Kwa siku tisa pua ya Bi Mwanakombo, mpika udi, ilikuwa imeziba, na udi wa bibi harusi ulitakiwa Ijumaa. Akachemsha majani ya mkaratusi na mvumbasi, akajifunika blanketi juu ya sufuria, akavuta mvuke.

"Toka humo, bibi wee, utaiva kama muhogo!" alisema mumewe, Shaali, akiinama kumfunua.

Iwe ni kwa majani au kwa maji ya moto tu, pua ilizibuka. Harufu ya kwanza ilitoka kwenye shingo ya kanzu ya mumewe: udi wenye zafarani, ambao Mwanakombo alimpikia mteja mmoja tu, mjane wa mtaa wa pili.

"Vipi, imezibuka?"

"Bado," alijibu, akamsogelea shingoni, akavuta pumzi ndefu.