Heroe Waliopauka

Mtoto wa shule alibandika pua kwenye wavu, akamuuliza mwalimu wake kwa nini bata wa hapa wamevutwa miguu. Mlishaji wa ndege hao akajifanya hakusikia. Heroe wake, yaani flamingo, waliokuja wakiwa wamekolea rangi ya waridi, sasa walikuwa weupe kama shuka za hospitali.

Mkurugenzi wa bustani ya wanyama alishamwambia, mikono mfukoni kama kawaida yake: "Wakizidi kufifia, na wewe utafifia nao." Yaani kibarua kinaota nyasi. Mwenye macho haambiwi tazama.

Wala hakuwa mvivu. Kila asubuhi alichemsha karoti, pilipili hoho nyekundu na uduvi, akaiacha ndoo ipoe jikoni mwa ofisi, naye akaenda kusugua bwawa. Siku hizi rojo lenyewe lilikuwa jepesi kama maji ya kunawa. Akawalaumu wauza karoti.

Mkurugenzi aliulaumu ukoo. Rangi iko kwenye damu, alisema, tumeuziwa mbegu mbovu. Alikuwa mchangamfu ajabu kwa mtu aliyekatazwa nyama na daktari wake: kantini hakanyagi, na kitambi kiko palepale. Mpishi wa kantini alisema labda bosi anaishi kwa hewa.

Daktari wa ndege, dada mmoja asiye na papara, alichukua manyoya akaenda kuyapima. Siku ya majibu waliitwa wote ofisini.

"Vinasaba vyao havina kasoro," alisema. "Wanachorithi ni uwezo wa kuivaa rangi. Rangi yenyewe wanaila. Ndiyo maana jike akitafuta mume humwangalia aliyekolea. Anajua huyo anashiba."

"Kumbe tatizo ni mlishaji," Mkurugenzi akasema, kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Mlishaji aliapa kwamba anawapikia ndege hao mpaka mke wake anaona wivu.

"Basi ningemwona hata mmoja aliyekolea," daktari akasema.

Mkurugenzi, ambaye kwa kweli hakuwa mtu mbaya, akamwambia mlishaji hana kinyongo naye, mambo ya kazi tu. Kisha akatoa mkono mfukoni, akamnyooshea ili waagane kiungwana.

Kiganja kizima kilikuwa rangi ya karoti.