Vidole Vitatu

Zipu ilipanda mpaka juu bila kukwama, na fundi akaogopa.

Wiki sita alikuwa akiiombea ipande. Sasa imepanda, na chini ya vidole vyake mgongo wa bibi harusi ulikuwa vifundo vitupu, kama kamba.

"Si nilisema!" mama mtu alipiga makofi. "Hebu geuka tukuone. Kiuno cha nyigu! Hata mdogo wake ameanza kuacha chakula cha jioni, apendeze siku ya kumsindikiza dada yake."

Binti aligeuka polepole, mkono mmoja ukishikilia meza ya kukatia.

"Umekula nini leo, mwanangu?" fundi aliuliza.

"Nimekula, mzee."

"Nini?"

"Fundi nawe!" mama akadakia. "Wewe shona, ya tumboni tuachie wenyewe."

Fundi akanywea. Akavuta droo, akaifunga, akaivuta tena. Hakuwa akitafuta kitu.

Walipokuja kujaribisha mara ya kwanza, zipu ilibakiza nafasi ya vidole vitatu. Kijasho kilimtoka fundi. Miaka thelathini hakuna aliyewahi kumrudishia nguo. Akatania, "Bibi harusi, umenawiri tangu siku ile niliyokupima wewe na mdogo wako!" Shangazi mtu alicheka mpaka akafuta machozi. "Anakula kama anahamia jangwani, huyu!"

Fundi alishauri aongeze kipande ubavuni. Mama alikataa katakata.

"Kitambaa hiki hakipatikani tena, na kiraka sitaki. Aliyeongezeka ndiye apungue, si gauni liongezwe."

Basi kila Jumamosi wakaja. Vidole viwili na nusu. Viwili. Kimoja. Kila kidole kilichopungua kilishangiliwa kama bao. Jumamosi ya nne fundi alimsikia binti akitapika chooni nyuma ya duka, bomba likiwa limefunguliwa ili lifiche sauti. Alisimama mlangoni, mkono juu, tayari kubisha. Kisha akarudi kwenye cherehani, akashona mshono ambao haukuhitaji kushonwa. Usiku huo hakulala, wala siku nyingi zilizofuata.

"Mama," binti alisema sasa, "mbona taa zinazima?"

Taa zilikuwa zinawaka. Fundi alimdaka kabla hajafika sakafuni. Alikuwa mwepesi kama gora lililokwisha kitambaa.

Mama mtu akatoka mbio barabarani, kiatu kimoja kikibaki mlangoni, akipiga yowe la kuita teksi.

Binti akafumbua macho. Alimkuta fundi amepiga magoti, akimfungulia zipu apate pumzi.

"Usiifungue, mzee. Zimebaki siku nane tu."

"Gauni litangoja. Twende ukatazamwe, halafu ule."

"Nikila, nitarudi kule kule." Alinong'ona, machozi yakimtiririkia masikioni. "Mimi mwenyewe sikujiona kama nimenenepa, unajua? Kila nikijitazama kwenye kioo, naona niko vilevile. Wewe ndiye uliyeniona. Tangu siku ile siyaamini tena macho yangu."

Nje teksi ilifunga breki. Fundi alisikia hatua za mama zikirudi, na safari hii hakungoja ziingie.

"Hukunenepa, mwanangu," alisema. "Gauni lako nililikata kwa vipimo vya mdogo wako."