Pedali ya Miguu Miwili

Mgonjwa alilazwa juu ya kaunta, mguu wake wa kushoto ukining'inia. Daktari Kiplimo aliweka mandazi kando, akajipangusa mafuta kwenye suruali, akakagua jeraha.

"Kiungo kimepasuka," alitangaza. "Leteni gundi."

Jelimo, aliyekuwa akibadilisha nyuzi za gitaa upande wa pili wa duka, hakuleta gundi. "Hiyo pedali si tulisema ni ya kutupa?"

"Itupwe kwa kosa gani? Upande wa kulia ni mzima kabisa."

Ilikuwa pedali ya ngoma kubwa, ile ya miguu miwili: kanyagio la kulia, kanyagio la kushoto, na fimbo ya chuma kati yao, ili nyundo mbili zipige ngoma moja kwa zamu. Ilikuwa imekaa dirishani mwa duka hilo la Kitale miezi saba bila kuposwa. Ufa ulikuwa pale fimbo inapokutana na kanyagio la kushoto. Kiplimo aliuziba kwa gundi, akapaka rangi nyeusi ya viatu juu yake, kisha akainamisha kichwa kwa heshima zote za mazishi.

Simu ikalia.

"Sasa, bosi. Ni Mukhisa wa Bungoma, ure wa jana. Ire pedari ya miguu miwiri bado iko?"

Kiplimo alimkonyeza Jelimo, akaweka simu kwenye spika. "Iko, ndugu yangu. Inakungoja wewe tu. Lakini si ulisema unaanza?"

"Kwa hii, ndiyo naanza."

"Basi nikushauri kama mzazi. Anayeanza huchukua ya mguu mmoja, ile ya kulia tu. Ni rahisi kujifunza, na bei iko chini."

Mukhisa alicheka, kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe. "Ya mguu mmoja ndiyo haiwezi kunisaidia, bosi."

"Vijana wa siku hizi," alisikitika Kiplimo, mzee wa miaka ishirini na minne.

"Hii ya kushoto ni raini? Nikiikanyaga kwa nguvu inarudi haraka?"

"Inarudi hata kabla hujaikanyaga. Ilitumiwa na mtawa mmoja tu, tena kwa upole."

"Na kire kiungo chake? Nimeona kwa mtandao ati hizi za bei ya chini huvunjikia hapo."

Jelimo aliacha nyuzi zake. Kiplimo akamgeuzia mgongo.

"Hicho ni chuma, bana. Na usijiumize kichwa. Mguu wa kulia ndio hufanya kazi. Wa kushoto husindikiza tu."

"Mimi sina wa kuria, bosi. Jumamosi mchungaji ananipima mbere ya kanisa zima. Nikipiga nyimbo tatu bira kukosea, kiti cha ngoma ni changu. Nikishindwa, ati nikae huko nyuma nipige makofi. Hii ndiyo nafasi wamenipa. Hakuna ingine."

Kiplimo alikuwa amesoma shule ya bweni, na mwalimu wake wa Kiswahili aliamini kwamba kosa la sarufi halipaswi kulala bila kuadhibiwa.

"Kwanza ni kulia, si kuria," alisema. "Pili, huwezi kusema huna wa kulia. Sema huna wa kulilia. Ukitaka kunililia, njoo na sarufi."

"Sawa, mwarimu," Mukhisa alisema. "Tuma tu."

Simu ilipokatika, Jelimo alisema, "Mpigie umwambie ukweli."

"Upi? Mtu anayeanza, mguu wa kushoto hufanya kazi ya kupumzika mwaka mzima. Atapiga na wa kulia mpaka Krismasi. Kiungo kikija kuvunjika, atadhani ni yeye."

"Na hiyo Jumamosi?"

"Nyimbo tatu za kanisa, Jelimo! Nani anahitaji miguu miwili mbele za Mungu?"

Akafunga kila kanyagio kwa gazeti lake, akakaza kwa kamba ya katani, akaandika jina la Mukhisa kwa herufi kubwa, na mzigo ukaondoka na gari la kupitia Kimilili. Usiku huo alilala vizuri sana.

Jumamosi, saa nne asubuhi, ujumbe uliingia. *Ilifika, mwarimu. Ndiyo naingia sasa, nazima simu. Niombee.* Chini yake palikuwa na picha.

"Ona!" Kiplimo alimpa Jelimo simu bila hata kuitazama picha vizuri. "Tai shingoni, meno yote nje. Mteja ameridhika. Wewe ulitaka kunipeleka jehanamu bure."

Jelimo aliipanua picha kwa vidole viwili, akaivuta polepole kwenda chini. Mkono wake ukasimama. Alirudi kwenye namba, akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani.

"Nini?" aliuliza Kiplimo.

Jelimo alimgeuzia kioo cha simu.

Kanyagio moja lilikuwa bado limevikwa gazeti, kamba ya katani ikiwa na fundo lile lile la Kiplimo. Juu ya lile lililofunguliwa palikuwa na kiatu kimoja, kimeng'arishwa. Magongo mawili yaliegemezwa kando ya ngoma. Mguu mmoja wa suruali ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini, juu kidogo ya mahali ambapo goti lingekuwa.

Ulikuwa wa kulia.