Jogoo Aliyeogopa Vumbi

Jogoo mmoja wa nchi kame aliyapenda manyoya yake mekundu kupita kiasi. Kila adhuhuri Bi Madoa, kuku mkongwe wa banda lile, aliwaongoza wenzake kivulini nyuma ya jiko, palipomwagwa majivu. Huko walichimba vishimo, wakajigaragaza, wakainuka wamepauka kama magunia ya unga.

"Mnanitia aibu," jogoo aliwaambia kutoka juu ya ua. "Mgeni akija atatuonaje?"

"Shuka uoge, baba," Bi Madoa akamjibu. "Kiangazi hiki kina utitiri, na vumbi ndilo linaloutoa."

"Mimi nijipake majivu? Labda nikifa."

Haukupita muda akaanza kujikuna. Akasema ni joto tu. Asubuhi moja alipanda juu ya ua kuwika, akafika nusu, akainama kujidonoa chini ya bawa. Akaanza tena, mwasho ukamkatiza tena. Mwishowe jogoo wa jirani akamalizia.

Mwenye nyumba aliyasikia yote kutoka mlangoni. "Huyu hawiki tena," alimwambia mkewe. "Mgeni wetu wa Ijumaa tumchinjie huyu."

Adhuhuri ile jogoo alinyata hadi nyuma ya jiko, akidhani kuku wote wamelala. Bi Madoa hakufumbua hata macho.

"Sogea huku kwenye majivu makavu," alisema. "Jigaragaze mpaka kichwani, alfajiri uwike. Mgeni akija, heri akuone umejaa vumbi kuliko akuone juu ya wali."